Wifi Yangu Hanijui

"Shoga, huyo wifi yako anaongea na nani huko bafuni?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo, sikio kalisimamisha kama sungura. Kutoka bafuni kwetu sauti ilikuja wazi kabisa: "Sasa nanawa mikono. Nasugua katikati ya vidole. Nafunga bomba kwa kiwiko."

"Anaongea na mtihani," nikamjibu.

Huyu wifi ni mdogo wake mume wangu, na tumekaa nyumba moja miaka ishirini na miwili. Kwa muda mrefu alikuwa mhudumu wa wodi, wa kusukuma vitanda na kumwaga mikojo, akitumwa na manesi aliowazidi umri. Alipofika miaka arobaini na mbili akasema imetosha. Akaingia chuo cha uuguzi, akakaa dawati moja na mabinti wanaomwita mama. Cheti akapata. Mtihani wa leseni, ule wa kuandika, akafaulu mara ya kwanza. Kilichomtoa jasho ni ule wa vitendo.

Kwenye vitendo, kila hatua unaitamka kwa mdomo mbele ya msimamizi, na mgonjwa unakwenda naye mwenyewe, mtu mzima mwenye afya yake. Mgonjwa nikawa mimi. Mara ya kwanza alinijia na trei ya vidonge akasema, "Wifi, meza." Akafelishwa palepale, maana hakuuliza jina. Mara ya pili akaniuliza, "Mgonjwa, taja majina yako kamili." Mungu anisamehe, nilicheka. Tangu niolewe hajawahi kunitamka jina. Mimi kwake ni wifi, basi. Nikacheka, naye akacheka, na utepe wa jina niliofungwa mkononi hakuusoma. Akafeli kwa kicheko changu.

Ikabaki mara ya tatu, ya mwisho. Akishindwa anarudi chuoni mwaka wa kwanza, na umri ule.

Tukafanya mazoezi mpaka nyumba ikageuka wodi. Akiwa jikoni utamsikia: "Namweleza mgonjwa kwamba sasa namkata." Mgonjwa mwenyewe kitunguu. Mume wangu naye akikaa mezani anatangaza, "Sasa nanyanyua kijiko. Nahakikisha sahani ni yangu."

"Kaka, cheka tu," wifi anamwambia. "Siku ukiletwa wodini kwangu, sindano nitachagua butu."

Siku ikafika. Msimamizi, mama mmoja asiyejua kutabasamu, akanilaza, akanivua miwani, akanifunga utepe. "Wewe unaumwa kichwa," akaniambia. Nilikuwa nimemwahidi Mungu sitasema uongo hata nikiwa kitandani. Bahati nzuri, kwa woga niliokuwa nao kichwa kilikuwa kinagonga kweli.

Wifi akaingia. Akanawa, akajitangaza, akanisogelea na vidonge vyake.

"Mgonjwa, taja majina yako kamili."

Nikauma shavu kwa ndani, nikayataja yote matatu. Akanishika mkono, akasoma utepe. Akasoma tena. Nikadhani amesahau kinachofuata, nikaanza kumwombea kimoyomoyo.

"Dawa hii siitoi," akasema. "Jina la kwenye utepe silo alilonitajia."

Msimamizi akamkazia macho. "Lakini mmekuja pamoja. Si unamjua huyu?"

"Hapa simjui, mama. Hapa naujua utepe tu."

Haya, jamani! Miaka ishirini na miwili, nimempikia, nimemuuguza homa, nimemsuka nywele, leo hanijui. Nilitaka niinuke nimkumbushe, ila msimamizi alikuwa anaandika, na pembe za midomo yake zinacheza. Kumbe jina la mtu mwingine alikuwa ameliandika yeye, makusudi, na kunivua miwani ilikuwa nisiusome utepe nikamtonya wifi yangu.

Leseni ilikuja baada ya wiki sita, ndani ya bahasha ya kaki. Tuliiweka mezani tukamshukuru Mungu, jirani naye akisema amina kutoka dirishani kwake bila kualikwa. Kisha wifi akaleta kipimo chake, akavuta kiti mbele yangu.

"Wifi, naomba mkono nikupime presha," akasema. "Ila leo niache nifanye kimya kimya."