Printa Iliyochapa Mbele ya Saraswati

Wadau, printa yetu ilianza kuchapa yenyewe alfajiri, ikiwa imefunikwa kitambaa cha hariri na kuvishwa shada la jasmini.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Mimi na mke wangu Kayal tulikuwa bado kitandani.

Ngoja nianzie siku moja nyuma, la sivyo mtasema naongopa.

Hapa Coimbatore, sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu, vyombo vya kazi vinapumzika. Vitabu, mkasi, cherehani, vyote vinapakwa msandali na kupangwa mbele ya picha yake. Havitumiki mpaka kesho yake asubuhi.

Mama yangu, Amma, akaibeba na printa. Akaiweka kando ya cherehani yake na kuifunika mpaka sakafuni.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Amma alikuwa ameomba nafasi ya kujifunza vina, ile ala yetu ya nyuzi. Aliitamani tangu usichanani. Baba yake akamkatalia, ikaja ndoa, nikaja mimi.

Shule ya muziki inapokea wanafunzi wapya mara moja tu kwa mwaka, alfajiri inayofuata sikukuu. Sharti lao moja: uje na fomu ya usajili iliyochapwa. Ya kwenye simu hawaitazami. Usipokuwa nayo, rudi mwakani.

Jibu la shule, pamoja na fomu, likaingia mchana wa sikukuu. Maduka ya kuchapa yote yamefungwa, mashine zao nazo zimevaa maua.

"Amma, ngoja nikuchapie chapuchapu."

"Thubutu! Leo mashine imelala. Usiiguse."

"Siigusi. Natuma kwa waifai, nikiwa chumbani kwangu."

Akanitazama, akatabasamu kiaina. "Haya, mwanangu. Ukiweza bila kuigusa wala kufunua kitambaa, chapa."

Nikajiona mjanja. Jamani, mimi natengeneza programu za kompyuta, ndiyo kazi inayonilisha. Printa ya nyumbani initoe jasho?

Laptopu nilikuwa nimeificha chini ya mto ili isipelekwe kwenye maua. Nikaitoa, nikabonyeza.

Printa haipatikani.

Nikazima waifai, nikawasha. Haipatikani. Nikaiondoa printa kwenye laptopu, nikaiweka upya. Wapi! Nikashusha programu yake mpya kabisa, nikaisakinisha, nikatuma tena. Na tena. Kila nilichotuma kikajipanga kwenye foleni, kikatulia.

Kayal akaniletea dengu za nazi. "Vipi, mtaalamu?"

"Tatizo ni la programu."

"Si ulisema ni la waifai?"

"Waifai na programu ni ndugu. Niache."

Akatoka anacheka.

Jioni nikamfuata Amma kwa unyenyekevu. "Nifunue kidogo tu, nione kama taa inawaka."

"Unataka kumuudhi Saraswati leo, wakati kesho naenda kuanza masomo? Achana nayo. Kama haikuandikwa, haikuandikwa."

Alivyotulia sasa! Mimi ndiye niliyekuwa naumia. Nililala nimenuna, laptopu nimeiacha wazi mezani.

Basi alfajiri tukasikia: krrr, krrr, krrr.

Kayal akanishika mkono. "Nani anachapa?"

Tukatoka mbio. Karatasi zinachomoza chini ya hariri, zinasukuma maua, hii inaifuata ile. Zote zinasema kitu kimoja: Alamelu, ndilo jina la Amma, miaka hamsini na minane, mwanafunzi mpya.

Kayal akakutanisha viganja. "Saraswati mwenyewe!"

Siwafichi, hata mimi na kompyuta zangu mwili ulinisisimka.

Ndipo nikaiona swichi ukutani. Ilikuwa na alama ya kidole, unga mwekundu wa ibada, mbichi kabisa.

Amma akatoka jikoni, amevaa sari mpya, kidole chekundu.

"Unashangaa nini? Nimeiwasha mimi. Na jana niliizima mimi, kabla hujaanza kuhangaika."

"Amma! Nimehangaika mchana kutwa!"

"Nilikuona."

"Sasa kwa nini?"

Akaketi. Sauti ikapungua. "Watakuwa watoto wadogo, Sembiyan. Mimi nikae katikati yao na magoti haya? Nikasema, printa ikigoma, mimi nitakuwa nimejaribu, na hakuna atakayenicheka. Sasa hivi nimewasha taa ya ibada, nikamwomba Saraswati anipe elimu, kama kila mwaka. Nikaona aibu. Namwomba elimu, na swichi nimeizima kwa mkono wangu."

Hasira zote za jana ziliniisha.

Kayal akaokota karatasi moja, akaikung'uta, akampa. "Twende, Amma. Hizi nyingine tutabandika mtaa mzima."

Amma akacheka huku machozi yanamtoka.

Nikampakia kwenye pikipiki. Getini pa shule alinikamata mkono, nikadhani atasema turudi. Akauachia. Akaingia peke yake, akaenda kuketi mstari wa mbele na watoto.

Kwa hiyo ndugu zangu, printa ikigoma, msikimbilie kufuta programu. Anzeni na swichi. Na ukigundua aliyeizima ni mtu wako, usimfokee. Muulize anaogopa nini, kisha umsindikize mpaka mlangoni.