Jina la Marehemu Kwenye Hati

Mama Cherehani alinunua nyumba ya vyumba vya kupangisha kutoka kwa mzee mmoja, fundi mwashi, lakini mzee akafariki kabla hati haijahamishwa. Ofisi ya ardhi ikataka saini za warithi wote. Mabinti walisaini mapema. Kaka yao mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyempiga Mama Cherehani danadana miaka nenda miaka rudi, njoo kesho, njoo kesho kutwa, mpaka magoti yakaanza kumuuma kwa safari hizo.

Siku moja Mama Cherehani alifika dukani, akaketi juu ya ndoo ya rangi.

"Mama, shida si wewe," mwenye duka akasema mwishowe. "Nikisaini, jina la baba linafutika. Halafu utabomoa kuta alizojenga kwa mikono yake."

"Mwanangu, nimechoka," akajibu. "Sina nguvu ya kubomoa hata banda la kuku."

Yule bwana akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Akafunga duka, wakaongozana hadi ofisini, akasaini.

Hati mpya ilipotoka, Mama Cherehani alidhani angepiga vigelegele. Aliiweka tu chini ya vitambaa vya wateja, akamwambia mpangaji aliyekuja kumpongeza, "Asante, baba. Niache kwanza nilale."

Akalala usingizi wa pono mpaka jua likazama.