Fumbwe wa Mbuzi Mzima

Mpaka leo nikiingia kanisani najifanya nakaza kilemba ili nisitazamane na watu, maana aibu ya siku ya kipaimara cha mjukuu wangu Subira niliitafuta mwenyewe.

Mimi na dada yangu Eneresi tulikua tukiwinga ndege kwenye ulezi wa baba kule Mbozi, na aliyetusahaulisha kazi ni fumbwe, ndege mdogo mweusi, kifua rangi ya dhahabu, mkia mrefu kupita mwili. Siku hizi humwoni ovyo. Eneresi sasa anaumwa, yuko Mlowo, kila nikienda ananiuliza, "Mdogo wangu, yule ndege nitamwona tena kweli?" Basi mwezi wa nne nikamkuta kwa Sikapite, kijana anayeuza ndege wa kufuga hapa Tunduma, akasema ni adimu, Wazambia wanamgombania, nami nikatoa mbuzi jike mwenye mimba (ndiyo, mbuzi, kwa ndege asiyejaza kiganja!).

Ningempeleka Mlowo siku ileile yangeisha. Lakini nilitaka watu waone, nikamwachia Sikapite amtunze kwake Chapwa hadi kipaimara, mwezi wa saba, kwa kuwa kwangu kuna paka.

Siku ikafika, Eneresi ameletwa, amekaa na blanketi magotini, nimeshamsifia ndege kwa kila mgeni hadi mchungaji, Sikapite akaingia na tundu limefunikwa kitenge.

"Bibi, kabla hujafunua…"

"Nyamaza, usiniharibie!"

Nikafunua. Kumbe ndani kuna kitu cha kahawia kama shomoro, mkia hana. Nikamkwida Sikapite shati, "Mwizi! Umenibadilishia ndege! Rudisha mbuzi wangu!", kilemba kikaangukia kwenye sufuria ya pilau, mchungaji anatuamua, ndipo nikasikia mtu anacheka hadi anakohoa. Eneresi.

"We Tabu! Ulezi ukishavunwa fumbwe dume si huvua mkia na weusi wake? Mwaka ule ulilia shambani ukidhani wamekufa wote, nikakubeba mgongoni hadi nyumbani!"

Nikakumbuka. Nikakumbuka hata mgongo wake ulivyonukia moshi. Nikamwomba Sikapite radhi mbele ya watu wote, kichwa wazi, mvi nje.

Mvua ziliporudi, mkia nao ukarudi, na asubuhi moja Sikapite, aliyekuwa bado anamtunza, akaniletea. Nilikuwa nimeshaapa sitafunika tena kitu kizuri kungojea wageni, nikapanda basi la Mlowo asubuhi hiyohiyo, tundu mapajani, limelowa nami nimelowa. Eneresi alimtazama, kisha akanishika mkono.

"Hebu uvute kidogo huo mkia, tuone kama Sikapite hajaubandika."