Meza ya Manyoya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio na onyo. Karakana ile ya Bladensburg, Marekani, ilitengeneza nakala za vitu vya kale kwa ajili ya shule na makumbusho. Mkuu wa Karakana, Mzee Kimeu, Mkamba wa Machakos, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hapa sema tu good morning, tusonge haraka. Fagia kila mahali, lakini ile meza ya dirishani wachana nayo. Ukipeperusha kitu hapo, huyo mama atakumaliza."

Mama mwenyewe alikuwa Mmeksiko, mfupi, miwani moja machoni na nyingine kichwani. Sote tulimwita Mwalimu. Mbele yake palikuwa na ngao ya duara, na juu yake mbweha wa buluu amepanua mdomo. Nilidhani ni rangi ya kupaka. Nikasogea, kumbe ni manyoya matupu, unyoya juu ya unyoya, hakuna brashi iliyopita. Nikasimama na ufagio wangu nikasahau kufagia.

Ninyi mnaoanza kazi leo na hamjaiona meza ile, niwaeleze. Waazteki walioishi Meksiko kabla Wahispania hawajafika walikuwa na mafundi waitwao amanteka. Walikuwa na mtaa wao mjini, na watoto walijifunza kazi kwa wazazi. Hawa walichora kwa manyoya ya ndege: ngao, mavazi ya wakubwa, vipepeo vya kujipepea. Walifua dhahabu? Hapana, hiyo ilikuwa kazi ya wengine. Wao waliheshimiwa kwa manyoya tu.

Baada ya miezi mitatu ya kufagia kwa macho ya wizi, Mwalimu aliniita nichambue manyoya. Kiingereza chake kilikuwa cha kubangaiza na changu vilevile, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Akanifundisha kutandaza pamba nyembamba kama utando na kuipaka gundi ya viazi vya ua la okidi, vilivyokaushwa na kusagwa. Akanionyesha mfupa laini wa kukandamizia kila unyoya mpaka ulale. Manyoya yetu yalikuwa ya kuku, bata bukini na bata mzinga, tuliyoyatia rangi wenyewe, maana sheria za hapa haziruhusu kuchezea ndege wa porini.

Mwaka wa pili Mwalimu akatangaza kwamba anarudi kwao moja kwa moja. Mzee Kimeu hakuzunguka.

"Akienda, hii meza tunafunga. Tutaprint picha ya manyoya kwa plastiki. Hii kazi inakula time."

"Nitaifanya mimi, Mzee."

"Wewe? Wewe ni wa ufagio, dada. Acha kuota mchana."

"Mzee, nipe ngao moja. Mkaguzi wa makumbusho akiikataa, funga."

Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akasukuma kiti chake kunielekea.

Nilikuwa na wiki tatu. Agosti ya huku ina unyevu kama wa kwetu Tanga, gundi ilikataa kukauka, na siku moja nikakuta ukungu kwenye pamba. Nilikuja mapema kabla ya wote, nikawasha feni, nikaanza upya. Wiki ya pili nikawa na haraka. Mbweha nikambandika manyoya ya buluu moja kwa moja kwenye pamba. Alipokauka alionekana kama nguo iliyofuliwa mara mia.

Mwalimu akaleta kiti.

"Manyoya ya chini yako wapi?"

"Hayaonekani, Mwalimu. Nilitaka kuokoa siku."

"Unyoya wa juu ni mwembamba, binti yangu. Rangi yake inaazima kwa ulio chini. Amanteka waliweka manyoya ya kawaida kwanza, yaliyotiwa rangi, ndipo yale ya thamani."

Akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akaanza kubandua. Nililia kidogo, nikachukua kitambaa cha pili. Tulimaliza jioni na mbweha hayupo. Zilibaki siku nane. Sikulala kwa shangazi yangu niliyekaa naye mji wa Woodbridge, maana barabara ingenila saa nne kwa siku. Nilihamia kwa rafiki yangu jirani na karakana nikalala sakafuni kwake, na kila nilipofumba macho niliona buluu.

Mkaguzi, mama mmoja mkimya kutoka makumbusho yaliyoagiza ngao, aliipuliza taratibu manyoya yakainuka. Akachungulia chini yake kwa kioo cha kukuzia.

"Tunaichukua," akasema. "Na mwakani tutataka nyingine."

Mzee Kimeu akakohoa. "Sawa. Basi nani atafagia?"

Nilikaa mezani pale miaka tisa. Kisha kifua kikaanza kubana. Daktari akasema ni vumbi la manyoya, na nikiendelea nitaharibu mapafu. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Waajiriwa wawili walijaribu nafasi yangu, hakuna aliyemaliza wiki. Tishio la kuifunga meza likarudi, na safari hii sikuwa na pumzi ya kubishana.

Ndipo Mzee Kimeu, mwenye vidole kama viazi vikuu, akavuta kiti. "Nifunze," akasema. "Lakini usinicheke."

Nilimfundisha nikiwa nje ya dirisha, barakoa usoni, miezi minne. Nilicheka mara nyingi. Sasa nahudumia wazee majumbani huko Woodbridge, na nimejifunza kwamba kazi unayoipenda inaweza kukuacha wewe bila kufa yenyewe. Hilo linauma, halafu linafurahisha. Bado naota kufungua meza kama ile Tanga, watakaokaa wawe wengine, mimi nielekeze kwa mbali.

Ngao ya kwanza ya Mzee Kimeu ilipokaguliwa alinipigia simu niende. Mkaguzi aliigeuza, akaitazama muda mrefu, akauliza ni kazi ya nani. Mzee Kimeu akaona aibu, akaninyooshea kidole.

"Ni yake yeye," nikasema. "Mimi nimestaafu."