Kondoo Watatu na Kopo la Rangi Nyekundu

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: yule msichana aliyesimamisha soko zima la mifugo kule Kajiado, ndiyo, ni mimi Mutheu, na kamera ilikuwa shingoni, nikijiona mtu wa maana.

Nasomea upigaji picha katika chuo kimoja hapa Kitengela, juu ya duka la mabati, na mwalimu wetu, Madam Wairimu, alikuwa ashachoka nami. Kazi ya kwanza nilimpelekea picha za machimbo ya mawe, akaandika, "Kivuli chako kinafanya nini hapo?" Ya pili akaandika vilevile, akaongeza, "Na rangi ziko wapi?" Ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, nikianguka narudia muhula mzima, na masharti yake hata mtoto wa chekechea angeyaelewa: picha kumi za siku ya soko, hupangi kitu, hugusi kitu. Mimi kwa akili zangu nyingi nikasikia "soko" tu.

Sokoni nilipokewa vizuri kuliko nilivyostahili. Mama Nasieku, aliyekuwa na kondoo watatu weupe pe, aliniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia kwetu ni Machakos lakini nimezaliwa Kitengela kwenye ploti ya nyumba za kupanga, akacheka, akaniacha nipige picha nitosheke. Wanunuzi walikuja wakawashikashika wale kondoo mgongoni, naye akawakataa wote, maana (aliniambia) hao ndio wa kumrudisha Nasieku shule, hawatoki ovyo. Kisha akaniita msichana kwa Kimaasai: "Entito, niangalizie hawa kidogo, nikunywe chai."

Basi nikawa mlinzi. Nikapitia picha zangu: kondoo weupe, vumbi jeupe, anga jeupe. Rangi ziko wapi? Na hapo kwenye ua mtu alikuwa ameacha kopo la rangi nyekundu ya kupuliza, na kondoo wengi pale sokoni nilikuwa nimewaona na doa jekundu mgongoni, nami (mjukuu wa mfugaji, tafadhali, ingawa mbuzi wa susu, bibi yangu, hawakuwahi kupakwa chochote) nikaamua huo ni urembo wa soko. Nikapulizia wa kwanza, wa pili, na nikimalizia wa tatu nikapiga picha moja ya kujaribu mwanga kwa mkono mwingine. Kisha nikapiga picha nzuri ajabu, nikajipongeza, nikaenda kumfuata ng'ombe mmoja wa pembe ndefu.

Kumbe lile doa ni alama ya mnunuzi. Akishapatana na mwenye mnyama anampulizia rangi yake, na wapakiaji wakiiona hawaulizi mtu, wanapakia kwenye lori la kichinjio. Niliporudi kondoo hawakuwepo, na Mama Nasieku alikuwa amemshika mwanamume mmoja shati.

"Umeniibia! Mimi sijauza!"

"Mama, hizo ziko na rangi yangu! Nani aliweka kama hukupatana na vijana wangu?"

Watu wakajaa, mmoja akainua fimbo, na mimi shujaa wenu nikatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Niliogopa, sitawadanganya. Nilijua yule mnunuzi angepigwa bure, na bado sikushusha macho. Ndipo mzee mmoja akanigeukia: "Huyu si amepiga picha tangu asubuhi? Fungua hiyo kamera tuone."

Nikafungua, nikapitisha picha moja moja. Kondoo weupe. Kondoo weupe. Halafu kondoo wawili wenye doa, wa tatu akipuliziwa, na kwenye vumbi kivuli kirefu chenye rasta zilizofungwa juu kama zangu, kamera usoni, kopo mkononi.

Mzee akatazama kivuli, akanitazama mimi. "Hii kichwa naijua."

"Yeyo, mama yangu, ni mimi," nikamwambia Mama Nasieku. "Nisamehe. Nilitaka rangi."

Walicheka mpaka yule mnunuzi akakaa chini. Lori lilizuiwa langoni, nikashusha kondoo mwenyewe, nikapewa karai na sabuni ya unga niwaoshe mbele ya soko zima, wakawa rangi ya waridi. Hakuna aliyewanunua siku hiyo, na hapo sikuona tena cha kuchekesha. Mama Nasieku akawafunga kamba, akaniambia polepole, "Nilikuambia uangalie. Kuangalia ni ya macho."

Nilipeleka picha zote kumi, ile ya kivuli ikiwa ya mwisho, na maelezo ya nilichofanya. Madam Wairimu akaandika: "Umegusa. Utarudia. Lakini leo najua kivuli chako kinafanya nini hapo."

Sasa narudia. Kondoo waliuzwa wiki mbili baadaye, Nasieku yuko darasani, na kila nikiingia sokoni mama yake anapaza sauti, "Ficheni rangi!" Nami naapa, tangu siku hiyo napiga picha kwa mkono mmoja. Mwingine unakaa mfukoni mpaka nifike nyumbani.