Alama Zetu za Karata Anazijua Mwanamke Mwingine

Admin, tafadhali nifiche, maana humu ndani wamo mashemeji zangu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Bombolulu, nina watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi kwenye depo ya mafuta huko Changamwe. Najua wengine mtacheka nikisema ndoa yangu imevunjikia kwenye karata. Chekeni tu, mimi nimeshamaliza kulia.

Kwetu Jumapili tukitoka kanisani lazima karata zichezwe barazani. Tunacheza wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Mchezo wenyewe ni wa turufu: rea ndiyo kubwa, saba inaifuata, na aina iliyotoka kuwa turufu hukata nyingine zote. Kutamka ulicho nacho mkononi ni mwiko, kwa hivyo kila jozi ina alama zake za siri, na hata ndugu wa tumbo moja hawaambiani. Zetu tulizitunga mwaka wa kwanza wa ndoa, tukiishi chumba kimoja, hata redio hatuna. Nikipandisha leso begani, nina rea ya turufu. Nikijikuna kiwiko, nina saba. Nikigawa mimi, zinageuka, leso inakuwa saba na kiwiko kinakuwa rea. Jamani, nilikuwa naona fahari. Wenzangu walinunuliwa magauni, mimi nilikuwa na kiwiko changu.

Mwaka huu mume wangu akaanza kutuletea mfanyakazi mwenzake, nitamwita Kazungu, pamoja na dada yake Kazungu huyo, anayekaa Miritini, nitamwita Riziki. Mpole, anajua kusalimia, siku ya kwanza alinisaidia hata kuosha vyombo. Barazani alikaa kando yangu, kwa hivyo nikitupa karata mimi, yeye ndiye anayefuata. Hapo ndipo nilipoanza kuliwa.

Mtu mwenye rea ya turufu kwa kawaida huwa na haraka nayo, akiona karata nono mezani anaikata. Riziki aliificha. Kila nilipopata saba ya turufu nikajikuna kiwiko kumjulisha mume wangu, Riziki alitulia, akatupa garasa moja baada ya nyingine, akaningoja mpaka nikose la kufanya niitoe ile saba, kisha akaimeza. Nikiwa sina saba, hangoji. Nilijiambia ni bahati yake. Nikagawa mimi, alama zikageuka, na bado hakupotea. Hilo halijulikani kwa kutazama tu, lazima mtu aambiwe.

Jumapili iliyopita niliamua kumjaribu. Kazungu aligawa, turufu ikawa kopa, na mimi sikuwa na kopa yoyote ya maana. Nikajikuna kiwiko, taratibu, kama kweli nina saba. Kisha nikaanza na rea ya uru. Riziki akatupa garasa juu yake, mume wangu akaongeza saba ya uru, nikabeba mzigo wote. Tulicheza hivyo mpaka karata ya mwisho. Riziki akaitoa rea ya kopa, ambayo ingekata ule mzigo wangu tangu mwanzo. Na saba ya kopa ikaangukia juu yake kutoka mkononi mwa Kazungu, kaka yake mwenyewe.

"Mbona hukuikata ile uru?" Kazungu akamuuliza. "Ulikuwa wangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja saba."

"Saba si hii ninayo mimi? Nani alokwambia iko kule?"

 Riziki alimtazama mume wangu. Hakunitazama mimi niliyemdanganya, wala kaka yake aliyemuuliza. Na mume wangu akainama kukusanya karata, ilhali haikuwa zamu yake kuzikusanya.

Hapo moyo wangu ulikufa. Alama zile mimi mwenyewe zilinichukua mwezi kuzizoea, tukicheza kila siku kitandani. Nikafikiria zile zamu zote za ziada anazosema mume wangu anafanya kazini, na ubongo wangu ukawa unanionyesha kitanda kingine, na karata zimetandazwa juu yake.

Nilimpigia mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wataka kwenda mbele ya wazee useme shahidi wako ni saba ya kopa? Hebu tulia kwako ulee wana."  Simu ya mume wangu haina ujumbe wowote, shati halina harufu ngeni, wala sijamfumania. Nani ataniamini?

Jumatatu nilimuuliza akiwa anakula. "Baba Neema, nani amemfundisha Riziki alama zetu?"

Nilitaka akane. Wallahi nilikuwa tayari kumwamini, hata angesema uongo wa kitoto. Akatafuna, akanywa maji, akasema, "Kama zimeshajulikana, basi tubadilishe." Akaanza kunionyesha mpya palepale, kushika pete ni rea, kugusa nywele ni saba. Alinionyesha kwa upole, kama mtu anayekarabati mlango. Nami, mjinga mimi, nikawa naitikia kwa kichwa.

Sasa nimeshazishika. Nikipika nazikumbuka, nikioga nazikumbuka. Amewaalika tena Jumapili hii na ameniomba nikaange mahamri. Kinachonimaliza ni kwamba alinionyesha zile alama mpya bila kufikiri hata kidogo, na sijui kama mimi ndiye wa kwanza kufundishwa.

Ndugu zangu, sina pa kwenda na sina cha kumwonyesha mtu. Nikikataa kucheza, Riziki atakaa mahali pangu, mkabala naye. Nikicheza, nitakuwa namtazama mume wangu akishika pete huku nikijiuliza anamwambia nani. Nishaurini, nifanye nini?