Majina ya kwetu katika kitabu cha mkwe

Niliishia darasa la tatu, lakini majina nayakumbuka yote: ya kwetu, ya majirani wa zamani kule Mabatini, hata ya watoto waliokufa kabla ya kutambaa. Ndiyo maana mjukuu wangu aliposhika mimba alinijia huku Ilemela, akataka tuandike majina ya wazee wa pande zote, mtoto apate la kurithi. Nikasema kitabu chenyewe nitatengeneza mimi.

Nilikunja karatasi, nikakata jalada kwenye boksi la sabuni, nikabandika kwa uji wa muhogo. Kushona nilishona kwa uzi wa nyavu, maana nyavu za marehemu mume wangu nilizishona mimi. Kila fundo nikalivuta mpaka likalia. Kumbe kitabu si wavu. Kiligoma kufunguka; ukikilazimisha, kinajifunga kama mlango wenye springi.

Sasa huyo mkwe wangu, mama mzazi wa mke wa mwanangu, Mhaya, mwalimu mstaafu wa Butimba, naye akatengeneza chake. Amekivika nguo ya gome la mti, ile ya wazee wao. Ukikifungua kinalala chali, kimetulia. Mjukuu alikipapasa kama kichwa cha mtoto. Changu alikuwa amekishika kwa vidole viwili.

Mkwe akakipindua changu, akacheka. "Mkwe, hiki umekishonea kuvulia sangara?"

Mjukuu akasema basi tuandike kwenye kile cha bibi wa Butimba, mimi nitaje tu. Nikajibu koo linaniuma. Liliuma siku tatu, na chai ya moto nilikunywa.

Jumapili mkwe akarudi. Kwa kuwa mimi ni mgonjwa, akaanza na wa kwao, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Alipofika kwa bibi yake mzaa baba, kalamu ikasimama. Akasema walizoea kumwita Bibi tu, na waliojua jina lake wamekwisha wote. Akaacha mstari mtupu, akageuzia uso dirishani.

Mimi nalijua. Kaka yake mkwe, marehemu sasa, alilitaja mara moja, siku tulipokwenda kwao kujitambulisha kwa ajili ya posa ya mwanangu. Nilikaa nalo mdomoni kama mwiba wa samaki sato. Nikinyamaza, kitabu chake kizuri kitabaki na tundu, na aibu haitakuwa yangu peke yangu. Nikanywa chai. Yeye bado alikuwa anatazama dirishani, anafuta macho kwa upande wa khanga.

"Mkwe," nikasema, "bibi yako mimi namjua."

Nikalitaja. Akaniomba nilirudie, kisha akaliandika machozi yakiwa bado machoni, na safari hii mwandiko ukawa mbaya kama wangu.

"Sasa taja wa kwenu," akasema. "Nakusikiliza wewe."

Nikaanza na babu wa mume wangu, nikashuka polepole, simwachi mtu, hata wale wa kabla ya kutambaa, ili wa kwetu wajaze kurasa nyingi kuliko wa kwao.